Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Ala za Kompyuta kwa Biti za Kuchezeka, Ukiwa Chumbani Kwako Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wale wanaotengeneza biti nyumbani, kuanzia Mwanjelwa na Uyole, ukashuka Tukuyu, ukapanda Makambako mpaka Iringa. Maswali ni yale yale kila wiki, kwa hiyo majibu tumeyaweka pamoja. Mpangilio wa majibu yote ni mmoja: tazama kwanza mashine uliyonayo, kisha mdundo unaotaka kuupiga, jina la plagini lije mwisho. Wengi wanaanza na jina, na ndipo wanapokwama.

Ala ya kompyuta ni kitu gani, na inatofautianaje na FL Studio yenyewe?

FL Studio, Reaper, Ableton Live au LMMS ni programu za kupangia kazi. Humo ndimo unaandika noti, unamiksi, unatoa faili la WAV au MP3. Ala ni plagini inayofunguka ndani ya programu hiyo na kutoa sauti: besi, kinanda, lidi (sauti ya melodi inayoongoza), ngoma. Kinachoziunganisha kinaitwa VST, mfumo uliotolewa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996. Mwanzoni ulikuwa wa plagini za kubadili sauti tu. Ala ziliingia mwaka 1999.

Noti zenyewe zinasafiri kwa MIDI, utaratibu uliokuwepo tangu 1983. MIDI haibebi sauti. Inabeba maelezo tu: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Ndiyo maana mstari ule ule wa besi unaweza kuuhamishia kwenye ala nyingine na ukatoka na sura mpya kabisa. Faida yake utaiona baadaye: tunga kwa ala nyepesi, badilisha ukishapata wazo.

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 4. Itabeba?

Itabeba, ila usiitwike kila kitu. Idadi ya plagini ulizosakinisha haiichoshi mashine. Kinachoichosha ni hesabu inayofanyika kila noti inapolia. Chukua kodi (chord) moja ya kinanda yenye noti tano, kwenye sintesaiza, yaani ala inayokokotoa sauti yenyewe, yenye osileta mbili (vyanzo vya mawimbi), na kila osileta umeiwekea yunisoni ya sauti saba, yaani nakala saba za wimbi, ili itanuke. Tano mara mbili mara saba: prosesa inakokotoa mawimbi 70 kwa wakati mmoja. Weka na mkia mrefu, yaani sauti iendelee kulia ukishaachia noti, kodi ya kwanza haijamaliza kulia ya pili imeshaingia, tayari uko kwenye 140. Hapo sauti inaanza kukwaruza na kukatika, na mtu anasema plagini ni mbovu.

Dawa yake iko ndani ya plagini hiyo hiyo. Shusha yunisoni kutoka saba hadi tatu. Fupisha mkia wa noti. Weka kikomo cha noti zinazolia pamoja. Kama ala ina kipengele cha ovasampling (kukokotoa sauti mara nyingi zaidi ili iwe safi), kiache kwenye 1x unapotunga, ukipandishe siku ya kutoa wimbo. Ukisharidhika na mstari, utoe kama WAV, uurudishe kwenye mradi kama faili la sauti, plagini uizime. Kwa njia hiyo hata mashine ya GB 4 inamaliza biti yenye traki nyingi, kwa sababu kupiga faili la sauti ni kazi ndogo sana kwake.

RAM ni habari nyingine. Sintesaiza zinazokokotoa sauti papo hapo hula prosesa. Ala zinazotumia sauti zilizorekodiwa, kama mapiano na okestra, hula RAM, maana rekodi zinapakiwa humo. Ukiwa na GB 4 achana kwanza na maktaba kubwa za Kontakt, ile programu ya kupiga sauti zilizorekodiwa. Na kama una hela ya kufanya jambo moja tu kwa fundi, toa disiki ya kuzunguka weka SSD, kisha baadaye uongeze RAM ifike GB 8.

Sisi wa huku tuna neema moja ambayo hatuitumii vya kutosha kujisifu. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe, na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai inaipoza bure. Mwenzako aliye Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, anahitaji feni ya pembeni kwa kazi ile ile. Adui wa huku ni vumbi la kiangazi, na tabia ya kuweka laptopu juu ya blanketi, ambapo matundu ya hewa yanazibwa yote.

Nianze na programu gani?

Ile anayoijua mtu wa karibu nawe. Utakwama saa nne usiku, na utataka wa kumpigia simu. Mitaani kwetu mtu huyo mara nyingi anatumia FL Studio. Ni kazi ya Image-Line ya Ubelgiji, ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na ukiinunua mara moja masasisho yake ni bure maisha yote. Toleo la majaribio linakuruhusu kujaribu kila kitu na kutoa WAV, lakini mradi ukiuhifadhi hutaweza kuufungua tena ulivyo mpaka ununue. Watu wengi huligundua hilo wakiwa na biti tatu zimefungiwa ndani. Toleo la bei ya chini, Fruity, halirekodi sauti. Kama kuna msanii atakayeimba hapo kwako, angalia toleo la Producer.

Reaper ni nyepesi, ina majaribio ya siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kasoro yake kwa kazi yetu ni kwamba haiji na ala za maana, itabidi uzitafute. LMMS ni bure kabisa, ina ala ndani yake ikiwemo ZynAddSubFX, ila hairekodi sauti ya nje.

Nina bando dogo. Ala zipi za bure zinastahili kupakuliwa?

Tutakutajia chache, na tunashauri usizidishe. Folda yenye plagini mia mbili ni mahali pa kupotezea jioni.

*Surge XT.* Iliandikwa na Claes Johanson kama bidhaa ya kuuza, kisha mwaka 2018 msimbo wake ukaachiwa wazi, na watu wa kujitolea wanaiendeleza hadi leo. Ina priseti (sauti zilizopangwa tayari) zaidi ya 2,000, ina aina nyingi za osileta, FM ikiwemo, ambayo tutaieleza kwenye log drum. Sura yake haivutii na vitufe ni vingi, lakini kwa mtu asiye na hela hii ndiyo ya kwanza. Ukibaki na moja tu, baki na hii.

*Vital.* Kazi ya Matt Tytel, ilitoka Novemba 2020. Ni sintesaiza ya wevutebo, yaani badala ya wimbi moja lililosimama unakuwa na mlolongo wa mawimbi, na sauti inatembea kutoka moja kwenda jingine. Uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba unaona kila kitu kikichezacheza kwenye kioo: wimbi, filta (inayochuja sauti), envelopu (inayoamua sauti ipande na kushuka vipi). Toleo la bure lina injini ile ile ya toleo la kulipia, tofauti ni wingi wa priseti na wevutebo. Tahadhari: michoro hiyo inategemea kadi ya picha, na laptopu za zamani sana huigomea.

*Dexed.* Inaiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, na inasoma mafaili ya sauti ya kinanda hicho, 32 kwa kila katriji. Ni nyepesi mno. Kengele, kinanda cha umeme, besi ngumu zenye mkwaruzo wa chuma, zote zimo.

*Synth1.* Ya Ichiro Toda wa Japani, imeiga Nord Lead 2. Ni ya siku nyingi, na hiyo ndiyo sifa yake: inapiga hata kwenye kompyuta ambayo wenzako wameitoa kwa watoto wachezee gemu.

*Decent Sampler.* Hii haina sauti yake, inapiga sauti zilizorekodiwa na watu wengine. Piano laini, vinubi, kwaya. Pakua kifurushi kimoja kimoja, maana hapa ndipo bando linapoishia.

Kama tayari una FL Studio, kabla hujapakua chochote zimalize zile za ndani. 3x Osc inadharauliwa na wanaoanza, lakini besi nyingi zinatoka humo, na FLEX ina sauti zilizokwisha kupikwa.

Log drum ya amapiano, ile besi inayogonga kama gogo, inatoka plagini gani? Naitafuta kila mahali.

Unaitafuta mbali na ipo nyumbani. Sauti iliyoenea kutoka Afrika Kusini ni ya Fruity DX10, ala ndogo iliyomo ndani ya FL Studio. Ni sintesaiza ya FM, ile njia ya kufanya wimbi moja litikise jingine, iliyogunduliwa na John Chowning kwenye Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960 na baadaye kuchukuliwa na Yamaha. Kwa hiyo sintesaiza yoyote ya FM inaweza kuitoa. Hivi ndivyo inavyofanyika kwenye Dexed, hatua kwa hatua, na ukiielewa hii utakuwa umeelewa nusu ya FM.

Anza na sauti tupu, ile iliyoandikwa INIT. Inalia opereta (chanzo cha wimbi kwenye FM) namba 1 peke yake, wimbi safi lisilo na kona, kama mluzi wa chini. Kwenye mpangilio namba 1, opereta ya 2 iko juu ya opereta ya 1 na kazi yake ni kuitikisa. Zote mbili ziache kwenye uwiano wa 1.00. Pandisha kiwango cha opereta ya 2 taratibu, utasikia mluzi unageuka kuwa na meno. Simama karibu na 75.

Sasa envelopu. Opereta ya 1 ipande papo hapo kisha ishuke hadi sifuri ndani ya nusu sekunde hivi, isibaki ikilia hata ukishikilia noti. Opereta ya 2 ishuke haraka zaidi. Hapo ndipo penye siri: mwanzoni meno yapo, sauti inasema "tok", halafu meno yanaondoka na kinachobaki ni besi safi inayozama. Ukiifanya opereta ya 2 ishuke polepole, unapata besi ya kawaida ya FM, si gogo.

Weka ala ilie noti moja kwa wakati mmoja, washa utelezi ili noti iteleze kuiendea nyingine, na piga chini, kati ya hezi 50 na 110 hivi. Mwisho weka plagini ya kukwaruza kidogo, yaani satiresheni. Noti ya hezi 55 haisikiki kwenye spika ya simu hata kidogo. Ukiikwaruza inazaa ndugu zake wa juu, 110, 165, 220 na kuendelea, na sikio la msikilizaji linajazia lile la chini lenyewe. Log drum isiyokwaruzwa itatikisa baa halafu itapotea kwenye simu, na simu ndiyo wimbo wako utakakosikilizwa kwanza.

Amapiano inapigwa kati ya BPM (mapigo kwa dakika) 110 na 115 hivi. Log drum ikiwa nyingi kila mahali inachosha. Iache inyamaze.

Na singeli? Plagini zangu zinasikika vurugu nikipandisha kasi.

Singeli inaanzia kama BPM 200 na kupita, nyingine zinafika 300. Hesabu ndiyo inayokuhukumu. Gawa 60,000 kwa BPM, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwenye 112 pigo ni milisekunde 536. Kwenye 240 ni 250 tu, na robo ya pigo ni 62.5. Kiki (ngoma nzito ya chini) yenye mkia wa milisekunde 400 inakaa vizuri kwenye amapiano, lakini kwenye singeli bado inalia wakati ya pili imeshapigwa. Vurugu unayoisikia ni mikia inayokanyagana.

Kwa hiyo ala ya singeli ichaguliwe kwa ukavu wake. Envelopu fupi, mwangwi mdogo sana au hakuna, noti za juu zenye makali. Synth1 inafaa kuliko ala kubwa za kisasa, maana nyingi ya hizo priseti zake zimetengenezewa watu wa BPM 128 wenye nafasi ya kutosha kuzipamba. Ukipenda priseti ya Vital, nenda moja kwa moja kwenye envelopu uikate mkia, kisha zima riva (mwangwi). Singeli ya Dar es Salaam imejengwa kwa sampo, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, fupi zinazorudiwarudiwa, na ukiisikiliza vizuri utaona ala za kisasa ni chache kuliko ulivyodhani.

Serum ni lazima?

Hapana. Ni nzuri, Steve Duda wa Xfer Records aliitoa mwaka 2014 kwa dola 189, na mafunzo mengi mtandaoni yanaitumia. Lakini masomo mengi ya Serum yanafanyika kwenye Vital, kwa kuwa zote ni za wevutebo na mpangilio unafanana. Ukishapata kazi ya kulipwa, nunua.

Nahitaji plagini maalumu ya ngoma?

Kwa kuanza, huhitaji. Ngoma za elektroniki ni sampo za WAV unazoziburuta kwenye traki. Zile zinazosikika dunia nzima zimetoka kwenye mashine mbili za Roland: TR-808 ya mwaka 1980, na TR-909 ya 1983 ambayo haihati zake zilikuwa rekodi halisi huku kiki na sneya zikitengenezwa na saketi. Mafaili yake yapo bure na ni madogo.

Kiki unaweza kuitengeneza mwenyewe kwenye sintesaiza yoyote: wimbi la saini (sine), sauti ianzie hezi 200 ishuke hadi 50 ndani ya milisekunde 50 hivi, nguvu ife baada ya robo sekunde. Ukifupisha mteremko kiki inakuwa na mgongano, ukiurefusha inakuwa "piu". Jaribu mara moja tu na hutarudi kulalamika kwamba huna pakiti ya kiki.

Jambo moja ambalo maprodyuza wa chumbani hulisahau: kiki ina noti. Kama besi yako iko kwenye F na kiki iko kwenye F kali, zitagombana chini hata ukimiksi mpaka asubuhi. Isogeze kiki nusu toni.

Naandika kutoka Songea. Nataka kuingiza ngoma za kwetu, mganda na lizombe. Nafanyaje?

Hili ndilo swali tunalolipenda zaidi, na lingeulizwa mara nyingi zaidi tungefurahi. Sampla ya bure, yaani ala inayopiga sauti ulizorekodi, inakupa ala ambayo hakuna mtu Berlin wala Johannesburg anayo.

Rekodi pigo moja moja, si ngoma nzima ikichezwa. Mwombe mpigaji apige katikati ya ngozi, asubiri mpaka sauti ife kabisa, kisha apige tena kwa nguvu zaidi, kisha taratibu. Fanya hivyo pembeni ya ngozi, na kwa fimbo kama inapigwa kwa fimbo. Simu inatosha, mradi programu ya kurekodi inatoa WAV na umezima vichujio vya kelele, kwa sababu vinameza mkia wa ngoma vikidhani ni kelele. Simu ikae kama mita moja kutoka kwenye ngoma, isiwe juu yake. Chagua siku kavu. Chini ya bati, mvua ya Rungwe haikuachii hata sekunde mbili za kimya.

Nyumbani, kata kila pigo liwe faili lake, uyapange kwenye FPC, ala ya ngoma ya FL Studio, au Decent Sampler: la taratibu lilie ukibonyeza taratibu, la nguvu lilie ukibonyeza kwa nguvu. Ukiwa na mapigo matatu tofauti ya ngoma ile ile, haisikiki tena kama mashine inayojirudia.

Mganda una vile vibuyu vya kupuliza vinavyotoa sauti ya kuzizima. Rekodi noti moja ndefu, uiweke kwenye sampla, uicheze kwenye kinanda oktava moja chini. Inakuwa lidi ambayo hakuna priseti inayoifikia.

Na wapigaji walipwe. Waombe ruhusa wazee wa kikundi, waambie wazi sauti itatumika kwenye nyimbo za kuuza, mkubaliane kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kaka, kuna mtu ana flashi yenye plagini zote za kulipia zilizokrakiwa. Nichukue?

Acha. Tuweke pembeni suala la haki, tuongelee mashine yako. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoitwa LoudMiner, iliyokuwa imefichwa ndani ya plagini za VST zilizoibwa. Ilikuwa inaendesha kompyuta nyingine ya kufikirika ndani ya kompyuta yako, kimya kimya, ikichimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wengine. Waliwalenga watu wa muziki makusudi: mashine zao zina nguvu, mafaili ya plagini ni makubwa, na prosesa ikihema mtu anadhani ni mradi wake mzito.

Sasa rudia lile jibu la RAM GB 4. Unahesabu yunisoni moja moja, huku nusu ya prosesa inamfanyia kazi mtu usiyemjua.

Nikibonyeza kinanda sauti inachelewa. Ala ni mbovu?

Ni bafa. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampo 1024 (hapa sampo ni kipimo kimoja kidogo cha sauti) kwenye kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23, na mfumo wa kawaida wa Windows unaongeza zake juu. Weka dereva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji huo. Kama huna kadi ya sauti, ASIO4ALL ni bure. Shusha bafa hadi 256, ambayo ni kama milisekunde 6. Ukimaliza kupiga na kuanza kumiksi, irudishe 1024 mashine ipumzike. Na usipige kinanda ukiwa umevaa hedifoni za bluetooth. Hizo zina ucheleweshaji wake ambao hakuna mpangilio utakaouondoa.

Kibodi ya MIDI ni lazima?

Si lazima. Kibodi ya kuandikia inapiga noti. Ukija kununua, ya vitufe 25 inatosha kwa biti, na za mtumba zinapatikana. Iunganishe palepale, bonyeza kila kitufe mara mbili, taratibu na kwa nguvu, kabla hujatoa hela.

Sina kompyuta kabisa, nina simu ya Android.

Anza. FL Studio Mobile ni ya kulipia kwa bei ndogo, na mradi wake unafunguka ndani ya FL Studio ya kompyuta baadaye, kwa hiyo kazi haipotei. BandLab ni bure, ila inapenda intaneti. Koala Sampler ni ya kunasa sauti yoyote na kuigeuza ngoma hapo hapo. Tumia hedifoni za waya.

Kutumia priseti ni aibu?

Hapana. Ila badilisha angalau vitu viwili: filta na envelopu. Priseti hutengenezwa ziwe kubwa ili zikuvutie zikilia peke yake, na tano kubwa zikikaa pamoja hakuna inayosikika.

Nasikilizia wapi? Nina sabufa tu.

Sabufa inadanganya, inaongeza besi ambayo hukuiweka, nawe unaishusha, halafu wimbo ukipigwa ukumbini unakuwa mwembamba. Chagua sauti za ala kwa hedifoni za waya za heshima, kisha zihakiki kwenye sabufa, kwenye spika ya simu, na kwenye bajaji ya rafiki yako. Kama besi inaeleweka kote, umechagua ala sahihi.

Nalipiaje plagini za nje nikiwa Mbeya?

Kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, au kadi pepe ya mitandao ya simu. Weka hela ya manunuzi hayo tu. Bei ziko kwa dola, na benki inakata chake, kwa hiyo acha nafasi juu ya bei uliyoiona. Subiri mwisho wa Novemba, maduka mengi ya plagini hushusha bei wakati huo. Mfumo wa kukodi hadi umiliki, ambapo unalipa kidogo kila mwezi, unafaa kwa mwenye kipato cha uhakika. Kwa mwenye kipato cha msimu wa viazi, tunauogopa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Washa hifadhi ya kiotomatiki kila dakika tano. Betri ya laptopu ikiwa imekufa, kuibadilisha kuje kabla ya plagini yoyote ya kulipia.

Nikitumia loopu iliyokuja na ala, wimbo ni wangu?

Soma leseni. Priseti na pigo moja moja hazina shida kwa kawaida. Loopu nzima ya melodi ndiyo ya kuangalia: hata kama leseni inaruhusu, wengine mia wameitumia, na wa kwanza kuisajili kwenye mfumo wa YouTube anaweza kusababisha wimbo wako udaiwe. Ikate, ibadilishe noti, au iache. Kazi yako ikikamilika, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Prodyuza wa Iringa anataka kumalizia biti yangu lakini hana plagini zangu. Nimtumie nini?

Usimtumie mradi, mtumie traki. Toa kila ala kama WAV yake, ya bit 24, 44.1 kHz, na zote zianzie sifuri kabisa hata kama lidi inaingia dakika ya pili. Ndivyo zitakavyokaa mahali pake akiziburuta ndani. Zitoe mara mbili, zikiwa na riva na dileyi (sauti inayojirudia), na zikiwa kavu. Andika BPM na kii (ufunguo wa wimbo) kwenye jina la folda, ongeza na mafaili ya MIDI ya besi na kodi endapo atapenda kubadilisha ala. Kama bando halitoshi, weka kwenye flashi umpe mtu wa basi la asubuhi.